Mvuke wa Kisima Kipya

Harufu ilianza chumbani kwa Kidoti, harufu ya yai viza. Mama yake alipekua uvunguni, akatoa godoro juani, akapiga deki kwa sabuni ya unga. Kabla sakafu haijakauka harufu ilikuwa imerudi, karibu na soketi ya ukutani.

"Panya kafia humu," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa mtu wa zamu katika chumba cha kuongozea umeme wa mji mzima. Wenzake walimwita Swichi. Majirani nao walimjua: umeme ukikatika walimlaani yeye kwanza, kampuni baadaye. Kazi yake ilikuwa kuchanganya. Mchana alipokea umeme wa jua. Jua likizama akafungulia maji ya bwawa. Upepo ukivuma akaupa nafasi, na gesi akaiwasha pale vingine vilipopungua. Sasa alikuwa na cha nyongeza: mvuke wa kisima kilichochimbwa hadi chini kabisa ya ardhi, nyuma ya vilima. Kisima hicho kilikuwa kichanga bado, na kwa majaribio kililisha mtaa wao tu.

Jioni moja Kidoti, mtoto aliyekuwa bado na meno ya maziwa, aliacha kula akaanza kunguruma. Mdomo ulikuwa umefumbwa. Sauti ilitoka kifuani, nzito, bila kupumzika, kama mashine iliyo chumba cha pili.

"Acha mchezo huo, kula," mama alisema.

"Kule chini nilikuwa nimelala," Kidoti akajibu.

Mama akaweka kijiko mezani polepole. "Nani alikuwa amelala, mwanangu?"

"Muulize baba. Yeye ndiye anayenifungulia."

Swichi hakungoja kuulizwa. Alikwenda kwenye swichi kubwa ya nyumba akaishusha. Friji ikanyamaza, sebule ikawa giza, na kwa muda aliona mambo yamekwisha. Lakini mlango wa chumba cha Kidoti ulikuwa na mstari mwekundu chini yake, na alipousukuma aliikuta taa ya darini bado inawaka, nyekundu kama kaa la moto, umeme haupo na taa ipo, na chini yake binti yake, aliyekuwa mezani sasa hivi, ameketi kitandani akiitazama bila kupepesa, akinguruma, jasho likimtiririka kana kwamba anapikwa.

"Baba Kidoti," mkewe alinong'ona nyuma yake, "umetuletea nini?"

Kesho yake mchana walimwita mganga. Alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani, akafika na futi yake shingoni. Alimshika mtoto kichwa, akamsomea, akaweka kiganja ukutani kwenye soketi. Akakitoa haraka na kukipuliza.

"Kaka, mimi nawatoa waliopanda vichwani mwa watu," alisema kwa sauti ya chini. "Wao hushuka wakaenda kwao. Huyu mmemvuta kutoka kwao, mkamtia kwenye nyaya. Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Tufanyeje, dada?"

"Kifungeni hicho kisima. Akikosa njia ya kupanda, atalala tena."

Bahati ilikuwa upande wao. Mvua zilikuwa zimenyesha, bwawa limejaa hadi ukingoni. Swichi aliingia zamu, akaongeza maji, akaushusha mvuke hadi sifuri, na kwa wakubwa akaripoti kwamba presha ya kisima haijatulia. Aliporudi nyumbani alimkuta Kidoti anadai aongezwe chakula, na mkewe ameinamia sinki, analia huku anaosha vyombo.

Kisha kiangazi kikaingia, kikakaa. Bwawa likabaki tope. Upepo ukafa, majani hayatikisiki. Mtambo wa gesi ulivunjika mhimili wake, na kipuri bado kilikuwa safarini. Likabaki jua, na jua lina saa zake. Jioni moja lilipoanza kuzama watu walikuwa wanarudi makwao, wanapika, wanapiga pasi, na mitaa ikaanza kuzimika mmoja baada ya mwingine.

Mkuu wa zamu alisimama nyuma ya kiti cha Swichi. "Swichi, fungua kisima."

"Mkuu, mvuke ule una mtu ndani."

Mkuu hakucheka. Alimpa simu iliyokuwa mkononi mwake.

"Kaka," muuguzi wa hospitali alisema upande wa pili, akinong'ona kama mtu aliye karibu na waliolala, "nina watoto njiti, jenereta imekufa, tumewakumbatia vifuani lakini wanapoa. Tusaidie."

Swichi alimtazama mkuu. "Hiki pekee kibebe mji mzima?"

"Kuna kingine?"

Hakikuwepo. Swichi aliweka simu mezani bila kuikata, akaupandisha mvuke, kidogo, kisha zaidi, kisha wote, huku moyo ukimwambia acha na masikio yakiisikia pumzi ya yule muuguzi, na nje ya dirisha mitaa ikawaka, mmoja, halafu mwingine, hadi vilimani, na mji mzima ukapiga kelele za furaha.

Simu yake ya mfukoni ikalia. Ilikuwa mkewe.

"Kidoti yukoje?"

"Ananguruma," alisema. "Lakini si yeye tu. Sikiliza." Akafungua dirisha.

Swichi alisikia shangwe za jirani zikikatika, nyumba baada ya nyumba, zikifuatwa na sauti za wazazi wakiita watoto wao taratibu, kwa woga, na chini ya sauti hizo mngurumo mmoja uliokuwa ukitembea mtaa hadi mtaa.

Kisha, kwenye ile simu ya mezani, muuguzi akaita.

"Kaka, wamepata joto," alinong'ona. "Lakini wamefumbua macho. Wote kwa pamoja. Wanaitazama taa."