Tenga la Vifaranga

Kila asubuhi kabla ya shule, Ema aliwalisha vifaranga wa bibi yake, Feliciana, nyumbani kwao Njombe. Alimwaga pumba chini ya tenga la mianzi. Nafasi za tenga ziliwatosha vifaranga tu, na mama kuku alibaki nje akizunguka na kunung'unika.

"Kitendawili," bibi akasema, akimjazia chupa ulanzi mtamu, utomvu wa mianzi uliogemwa alfajiri.

"Tega."

"Karamu iko ndani, milango iko wazi, mkubwa ashinda njaa."

"Mama kuku, bibi. Hicho hata vifaranga wanakijua."

Bibi akacheka, lakini Ema hakungoja cha pili. Siku hiyo yeye na Abel, mwenzake wa kidato cha pili, walikuwa na jaribio la kemia. Likifaulu, wangelipeleka kwenye maonyesho ya sayansi Makambako. Likishindikana, wangekwenda wengine.

Mwalimu Sadock aliwapa unga wa aina mbili wa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya vitundu hivyo mna asidi. Walitakiwa kuchemsha kila unga na maji ya sukari, wachuje, kisha watie dawa ya buluu na kupasha moto tena. Kama asidi imeikata sukari vipande vidogo, dawa hugeuka rangi ya tofali.

Unga wa kwanza ulileta rangi ya tofali safi. Wa pili ulibaki buluu. Wakarudia, ukabaki buluu vilevile.

"Unga huu umelala," Abel akasema. "Na sisi Makambako tutaiona kwenye ramani."

Ema akaikumbuka chupa yake. Darasani walishaona kwamba ulanzi mtamu huigeuza dawa ile. Akadondosha kidogo, akapasha moto, na buluu ikaisha. Mwalimu alipokuja kutazama, alikunja uso. Aliuliza kama kweli unga wa pili nao umegeuza rangi, nao wakaitikia kwamba ndiyo. Akasema polepole kwamba basi huenda yeye ndiye aliyekosea, akaondoka ameinamisha kichwa.

Jioni Ema hakuugusa ulanzi. Bibi alipomuuliza kulikoni, akaeleza yote, machozi yakimtoka. Bibi hakumgombeza.

"Uongo ni kama ulanzi, mjukuu wangu. Ukiufunika, unazidi kuchacha. Kamwambie mwalimu mapema, kabla haujachacha."

Asubuhi Ema akasimama mbele ya mwalimu, Abel akiwa nyuma yake ameng'ang'ania mkoba. Akakiri, akaomba radhi, akangoja kuambiwa kwamba safari imekufa. Mwalimu Sadock akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi begani.

"Kumbe. Usiku kucha nimetafuta nilipokosea. Ema, asidi imo katika unga wa aina zote mbili. Ila vitundu vya huu wa pili ni vyembamba mno. Sukari ni nene, haiingii, basi haikutani na asidi iliyoko ndani. Hiyo buluu ndiyo niliyokuwa naingoja."

"Kama tenga la bibi," Ema akasema.

"Tenga gani?"

Akamweleza. Mwalimu akacheka, akawaambia warudie jaribio mbele yake, bila ulanzi. Buluu ikabaki buluu, na safari ikabaki safari.

Makambako, malori yakinguruma barabarani, meza iliyojaza watu ilikuwa ile yenye tenga la mianzi kati ya chupa mbili, moja ya rangi ya tofali, nyingine buluu. Bibi Feliciana alikuja pia, amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliitazama ile buluu, kisha akamshika Ema bega.

"Mnaona? Mlikuwa mnaificha na kumbe ndiyo iliyowaleta. Kazi ikikupa jibu usilolipenda, usilipake rangi. Liulize kwanza lina maana gani."

Kisha akawageukia watu waliozunguka meza. "Kitendawili."

"Tega," wakaitikia wote, na sauti ya Ema ikawa juu kuliko zote.