Amplifaya ya Isao

Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Minegishi Fumi alishuka ngazi za klabu ya Tsukushi, pale Koenji, mtaa mmoja wa Tokyo, na mkoba wake wa vifaa vya kurekebishia piano begani. Aliwakuta watu wawili jukwaani, wameinamisha vichwa kama waliofiwa. Mmoja alikuwa Mama Sumire, mwenye klabu. Mwingine Mzee Sakaki, fundi wa sauti wa pale kwa miaka thelathini na mmoja. Wote walikuwa wanatazama sakafu.

"Kulikoni? Paka kafa?" Fumi aliuliza. Alikuwa mzaliwa wa Osaka, na watu wa Osaka hata msibani utani hauwatoki.

"Amplifaya ya Isao haipo," Mama Sumire alisema.

Utani ukamkauka Fumi mdomoni. Amplifaya ile ya gita aliiunda kwa mkono wake marehemu Isao, mume wa Sumire, mwaka ule walipofungua klabu. Ilikuwa na valvu nne, zile taa za kioo zinazokuza sauti, spika mbili, na uzito wa kilo thelathini na moja. Isao alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na kila mpiga gita aliyechomeka waya wake pale aliapa kwamba mzee bado yumo ndani.

Pahali pake palibaki mraba usio na vumbi na kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara nne. Mguu mmoja wa amplifaya ulikuwa mfupi, na kadibodi hiyo ndiyo iliyouzuia usitikisike.

"Kufuli?" Fumi aliuliza.

"Zima," alijibu Mzee Sakaki. "Jana klabu haikufunguliwa, kama kila Jumatatu. Ufunguo upo palepale kwenye kisanduku cha mita ya gesi, mlango wa nyuma."

"Ambako kila mwanamuziki wa Koenji anajua upo."

"Ndiyo maana ya kuuweka pale."

Fumi alizunguka jukwaa. Kifuniko cha kitambaa hakikuwepo. Alivuta droo ya vipuri, akakuta nafasi ya valvu za akiba nayo iko tupu, lakini maikrofoni za bei kubwa zimelala pembeni bila kuguswa.

"Mwizi huyu kaibeba kama mtoto mchanga, na blanketi lake na maziwa yake," alisema. "Huyu anaipenda."

Hakuwa na nia mbaya, lakini Mama Sumire aligeuka akamtazama Mzee Sakaki, naye Sakaki akaona anavyotazamwa.

Maana kisa kilikuwepo. Jumamosi ile, saa nane mchana, klabu ilikuwa ifanye shindano. Tokunaga Kei, aliyekuwa mwanafunzi wa Isao, alikuwa ametengeneza kisanduku cha dijitali, kidogo kama kamusi, akakiita Kagami, yaani kioo cha kujitazamia. Aliahidi kwamba kitatoa sauti ya amplifaya ile bila kupungua hata chembe. Wateja wa siku nyingi wangekaa mbele ya pazia, wasikilize moja kisha ya pili. Wakishindwa kutofautisha, amplifaya ingepumzishwa. Valvu zake hazitengenezwi tena, na majira ya baridi yaliyopita ilitoa moshi mara mbili. Mama Sumire hakutaka sauti ya mumewe ife siku valvu ya mwisho itakapokufa.

Na wiki iliyopita, mbele ya watu kumi na zaidi, Mzee Sakaki alikuwa amesema, "Kabla sijaiona ikishindanishwa na kibati cha chakula, nitaificha mimi mwenyewe!"

Askari wa kituo cha jirani alikuwa ameshakuja, akaandika, na sentensi hiyo aliiandika mara mbili.

"Mama, unadhani ni mimi?" Sakaki aliuliza polepole.

"Sijasema kitu."

"Hujasema. Hilo ndilo linaloniuma."

Mama Sumire alikaa kwenye kiti cha piano. "Jumamosi jioni askari atarudi. Ananitaka nimpe jina au nimwambie sina. Sakaki, nitamwambia nini?"

Mzee aliokota waya sakafuni, akaanza kuukunja. Fumi, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikunywa chai ya mzee huyu kila mwezi, alijisikia vibaya hata akasahau kufungua piano.

"Nipeni mpaka Jumamosi," alisema. "Mimi kazi yangu ni kutafuta kilicholegea."

*

Jumatano, saa sita mchana, alimfuata Nishigaki, mpiga gita mwenye gari la mizigo, ambaye mara tatu aliomba kuinunua amplifaya na mara tatu akanyimwa. Alimkuta kwenye kibanda cha tambi, uso ndani ya bakuli.

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Sendai, dada, mbali huko kaskazini. Nilipiga harusini." Alimsogezea simu: picha ya bibi harusi, na Nishigaki nyuma, kanywa na kuiva uso. "Halafu nikuulize, ningeiiba ningeipigia wapi? Tokyo nzima wanaijua sauti ile. Ukipiga noti tatu tu, jirani anapiga simu."

"Kwa hiyo mwizi hawezi kuipiga Tokyo."

"Labda aipige kwa kunong'ona. Utakula tambi au utanikaguakagua tu?"

Fumi alikula tambi. Jambo lile alilihifadhi.

Alhamisi, saa tano asubuhi, alikwenda Kamata, kusini mwa Tokyo, kwenye karakana ya Tokunaga. Mwanamume huyo alikuwa na miaka arobaini na miwili, mpole, na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimkaribisha kwa chai na boksi la vitamu vya unga wa mchele na mdalasini.

"Eeh, vya Kyoto hivi!" Fumi alisema. "Ulikwenda?"

"Dada yangu anaishi kule. Ametuma."

Fumi alikula kimoja, kisha cha pili. Vilikuwa laini, kama vilivyotengenezwa jana. "Na hicho kisanduku chako, Bwana Tokunaga, kweli ni kama wanavyosema?"

Macho ya Tokunaga yaliamka. "Zaidi. Mwezi wa tatu nilikaa kwenye jukwaa la Tsukushi siku tatu na maikrofoni zangu. Nimenasa kila kitu: spika, ubao, namna valvu inavyochoka ukiipiga kwa nguvu. Hata ule mvumo wake wa umeme, kabla hujagusa gita. Mtu asipousikia mvumo haamini."

"Umenaswa vilevile, pale pale?"

"Vilevile, pale pale. Popote utakapokichomeka duniani, utasikia mvumo wa Tsukushi."

"Sasa Jumamosi itakuwaje, na amplifaya haipo?"

Tokunaga alimwongeza chai, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa. "Jana saa tisa alasiri nimerekodi Kagami hapa hapa mezani. Mama Sumire atasikiliza rekodi hiyo. Masikio yake yanamjua Isao kuliko mashine yoyote."

"Na Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nikifanya kazi."

Fumi aliaga, akainama, akaondoka. Usiku huo aliweka santuri kwenye gramafoni ya umeme ya marehemu mama yake. Tangu alipoihamisha kutoka Osaka, gramafoni ile ilizunguka kivivu, na mwimbaji mpendwa wa mama yake aliimba kama ana mafua. Mafundi walitaka kuirekebisha, Fumi akakataa. Alizoea kumkumbuka mama yake hivyo, akiwa na mafua.

*

Jumamosi, saa nane mchana, wateja ishirini walikaa kimya mbele ya jukwaa. Tokunaga aliweka Kagami juu ya meza ili watu wakione, lakini waya wa spika za klabu aliuchomeka kwenye kompyuta yake.

"Si ungekipiga hapa hapa tu?" Nishigaki alipayuka.

"Mikono yangu inatetemeka leo," Tokunaga alisema. "Jumatano haikutetemeka."

Akabonyeza. Kwanza palikuwa na ukimya kidogo wenye mvumo chini yake, kisha gita likaanza. Lilikuwa nene, lenye mikwaruzo kidogo pembeni, likilia pale Isao alipokuwa akililiza. Mama Sumire alishika mdomo.

"Isao," alisema, akaanza kulia bila kujificha.

Mzee Sakaki alikuwa amesimama ukutani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja mbele, akatoa bahasha nyeupe mfukoni, akaishika kwa mikono miwili.

"Nimeshindwa," alisema. "Ni yenyewe. Nilikidharau kisanduku hiki, na nilikosea. Sikuiiba amplifaya, Mama, lakini mahali ambapo sauti imepona na jina langu limechafuka, sina kazi tena. Barua yangu ya kuacha kazi hii hapa."

"Sakaki..."

"Ipokee, Mama. Usinifanye niiseme mara mbili."

Mama Sumire alinyoosha mkono.

"Subirini," Fumi alisema. "Bwana Tokunaga, rudisha mwanzo kabisa. Kabla ya gita."

"Kabla ya gita hakuna kitu."

"Kuna mvumo. Wewe mwenyewe uliniambia, asiyeusikia haamini."

Tokunaga alisita. Nishigaki, ambaye kungoja hajui, alinyoosha mkono wake mrefu akabonyeza mwenyewe. Mvumo ukajaa chumbani. Fumi alikaa kwenye piano, akapapasa noti za chini moja moja, akasimama kati ya mbili.

"Huu uko karibu na noti ya Si," alisema. "Mzee Sakaki, niwashie hiyo amplifaya ya akiba hapo jukwaani. Usichomeke gita."

Sakaki aliweka bahasha mfukoni, akaiwasha. Ikavuma. Fumi alipiga noti nyingine, ya chini zaidi.

"Na huu ni noti ya Sol, umepanda kidogo tu. Mnausikia? Hata asiye na masikio anausikia. Hizi ni noti mbili tofauti."

"Amplifaya mbili tofauti," Tokunaga alisema haraka. "Kila moja na mvumo wake."

"Aka! Mvumo si wa amplifaya, ni wa umeme wenyewe. Mimi nimehamia hapa kutoka Osaka, na gramafoni ya mama yangu mpaka leo inazunguka kivivu. Unajua kwa nini? Upande huu wa mashariki umeme unapiga mara hamsini kwa sekunde. Ukivuka mto Fuji kwenda magharibi, kwetu Osaka, unapiga mara sitini. Wazee wetu huku walinunua mitambo kwa Wajerumani, kule wakanunua kwa Wamarekani, na mpaka leo hatujapatana. Huku kila kitu chenye valvu kinavuma Sol. Kule kinavuma hivi." Alipiga tena noti zile mbili za jirani.

Mzee Sakaki alizima amplifaya ya jukwaani.

"Kagami ulikinasia hapa jukwaani," aliendelea. "Ulisema popote kitakapochomekwa, kitavuma kama Tsukushi. Basi kilichorekodiwa humu si Kagami. Wala hakikurekodiwa Kamata. Ni kitu chenye valvu halisi, kilichochomekwa kwenye ukuta wa magharibi. Na mpiga gita mmoja aliniambia kwamba mwizi hawezi kuipiga Tokyo, ataijulisha mtaa mzima."

"Mimi huyo!" Nishigaki alisema.

"Nyamaza, mwanangu. Bwana Tokunaga, vile vitamu vya Kyoto, ambayo nayo iko magharibi, vilikuwa bado laini; vingekuja kwa posta vingekuwa vimeshakauka. Dada yako hakuvituma. Ulivinunua stesheni mwenyewe ukirudi, kwa sababu wewe ni mtu mwenye adabu, na mtu mwenye adabu harudi safari mikono mitupu, hata safari ya wizi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Tokunaga alionekana kama mtu aliyeitembea mwaka mzima. Alikaa ukingoni mwa jukwaa.

"Ipo ghalani kwa dada," alisema. "Nimeifunika. Haina hata mkwaruzo."

"Kwa nini, Kei?" Mama Sumire aliuliza. Hakupaza sauti.

"Nilikuahidi. Kwenye mazishi nilikuahidi kwamba sauti yake haitapotea. Miaka sita, Mama. Kila wiki nilisema kimebaki kidogo. Mwezi uliopita nikajua si kidogo, hakifiki tu. Pale mwalimu alipokuwa akivuta pumzi kabla ya noti, chenyewe hakivuti. Nikasema moyoni, Mama akisikia mara moja tu ataamini, atapata amani. Nilikuwa niirudishe baadaye. Umeme wa magharibi sikuukumbuka hata kidogo. Vifaa vya siku hizi vinakula umeme wowote."

"Na Sakaki je? Ungemwacha aondoke na jina la wizi?"

Tokunaga alimgeukia Sakaki. Kisha alishuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya mzee, paji la uso mpaka sakafuni. Sakaki alitazama juu, kwenye mabomba ya dari, akipepesa macho.

"Inuka," alisema hatimaye. "Utajaa vumbi. Sijapiga deki tangu Jumanne."

Mama Sumire alifuta machozi kwa kiganja. "Kichomeke," alisema.

"Nini, Mama?"

"Hicho kioo chako. Nataka kukisikia chenyewe."

Tokunaga alichomeka, mikono ikitetemeka kwelikweli. Nishigaki akachukua gita. Mvumo ulitoka, Sol, wa Tsukushi. Kisha gita. Ilikuwa sauti nzuri, ya joto, na mtu asiyemjua Isao angeipenda siku nzima. Mama Sumire alisikiliza macho yamefumbwa. Hakulia.

"Isao hayumo," alisema. "Lakini ni kizuri, Kei. Ni kizuri sana. Ungeniletea hivi hivi, ukasema ni kizuri tu, ningekipokea kwa mikono miwili. Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo Tokunaga alipolia.

Saa kumi na moja jioni askari alipokuja kuchukua jina, Tokunaga ndiye aliyemfungulia mlango, akalitaja mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata gari la Nishigaki lilirudi kutoka Kyoto. Wanaume watatu waliishusha amplifaya ngazi zote wakigombana, wakaiweka kwenye mraba wake. Ikatikisika. Ile kadibodi askari alikuwa ameichukua kama ushahidi.

Mama Sumire alimgeukia Mzee Sakaki, akainama mpaka nywele zake zikamwangukia usoni, akabaki hivyo.

"Nilikutazama," alisema. "Siku ile. Nisamehe."

Sakaki alijikuna shingo. Alitoa mfukoni bahasha nyeupe iliyokuwa bado haijafunguliwa, akaikunja mara mbili, akaipima kwa jicho, akaikunja tena. Kisha akapiga goti, akaisukuma chini ya mguu mfupi. Amplifaya ikatulia.

"Unene ndio huo huo," alisema. "Fumi, washa."