Jina Ambalo Mashine Haikulijua

Mimi nimelala kwenye mashimo ya dhahabu Makongolosi bila taa, na nikakoroma. Lakini hili la rafiki yangu Kasian lilininyima usingizi.

Mwaka sabini na tatu Kasian alikuwa akitoboa kadi za maagizo ya kompyuta katika ofisi moja pale Mlandege, Iringa. Mkewe, Rozalia, alikuwa hoi Kilolo, akiuguzwa na mama yake Kasian. Bosi akamwambia, "Programu ikikubali, nenda."

Haikukubali. Mashine ikachapa: JINA HALIJULIKANI: ROZALIA.

Kasian hakushtuka. Mashine ile ilizoea kusingizia. Kosa liko huku, yenyewe inaonyesha kule. Akapekua kadi zote, hakuna Rozalia hata moja. Akazirudisha, ikachapa vilevile.

"Niachie niende, mama we!" akaililia.

Umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, giza tii. Na humo gizani, ta-ta-ta-ta, mashine ikaendelea kuchapa.

Kasian akatoka mbio, akadandia lori la mbao mpaka Kilolo. Mama yake akafungua mlango.

"Mama, Rozalia anaendeleaje?"

Mama akamtazama sana usoni.

"Rozalia ni nani, baba?"