Nundu Kwenye Mstari wa Baba

Kila Jumatano Wiebke Lohse akitoka shule hapandi tramu ya kwenda nyumbani. Hupanda ile ya kwenda maabara ya baba yake, kwa sababu siku hiyo mama ana zamu hospitalini. Huko hupewa kiti karibu na hadubini, kikombe cha chai ya matunda, na onyo lilelile: "Tazama kwa macho, mwanangu, si kwa vidole."

Baba Torsten alikuwa mtafiti wa kukuza fuwele. Fuwele zake zilikuwa nyeusi, ndogo kama punje za mchele, za jamii iitwayo perovskaiti, na zilikuwa na usumaku wao wenyewe. Siku moja Wiebke alimuuliza kwa nini anazihangaikia hivyo. Baba akavua mkanda wa suruali, akaupindua mara moja, kisha akaufunga ncha kwa ncha.

"Haya, ondoa hilo pindo bila kuufungua."

Wiebke akavuta, akabonyeza, akachoka. "Halitoki!"

"Ndiyo hivyo. Mpangilio wa elektroni ndani ya fuwele hizi una pindo kama hilo. Sukuma utakavyo, halitoki. Ndiyo maana umeme ukipita mle unakwenda pembeni wenyewe, hata bila sumaku ya nje."

"Dokta, rudisha mkanda kabla suruali haijakwenda pembeni yenyewe," akasema Emre, mwanafunzi wake wa utafiti.

Jumatano moja baba alitoka kupokea simu. Chini ya hadubini kulikuwa na fuwele iliyokwisha kupakwa madoa ya gundi ya fedha, tayari kufungwa nyaya. Wiebke alitaka tu kuona upande wa pili. Akachukua kibano. Tak! Fuwele ikakatika vipande viwili.

Ufa ulikuwa umepita palepale penye doa la gundi, basi akaviunganisha kwa tone jingine la gundi ileile. Hakujua kwamba kipande kimoja amekilaza ubavu. Baba aliporudi alimkuta ametulia tuli, anakunywa chai.

Jumatano iliyofuata maabara ilikuwa na shangwe. Mstari wa vipimo vya fuwele ile, badala ya kupanda kisha kunyooka, ulikuwa umetoa nundu katikati, na nundu ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na watafiti wengi. Pale maabara mwenye matokeo mazuri huleta keki, na baba alileta sinia zima la keki ya jibini laini.

"Ijumaa naionyesha mbele ya wakuu na wageni," alisema, akimkatia Wiebke kipande. "Mkataba wangu unaisha kiangazi. Lakini kwa nundu hii, hawanitoi ng'o!"

Wiebke akakisukuma kipande chake pembeni ya sahani.

"Vipi, wewe na keki mmegombana?" Emre akamtania.

Wiebke alimtazama baba. Hakuwa amemwona akicheka hivyo kwa muda mrefu. Akinyamaza, nani atajua? Lakini Ijumaa baba atasimama mbele ya watu wote kuitetea fuwele iliyoungwa kwa gundi. Aibu ikamchoma. Akaweka sahani mezani.

"Baba, ile fuwele niliivunja."

"Ipi?"

"Hiyo ya nundu. Nikaigandisha kwa gundi yako. Nisamehe, baba."

Baba akaitoa fuwele kwenye mashine, akaikagua chini ya hadubini. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa umempauka.

"Vipande viwili, na kimoja kimelala ubavu. Kila kimoja kinageuza usumaku wake kwa wakati wake. Ukivijumlisha, nundu hiyo! Lo, mimi mtu mzima nimeshangilia gundi."

"Umenikasirikia?"

"Sana! Kwa kugusa, na zaidi kwa kunyamaza. Sasa twende kwa Profesa."

Profesa Noack, mkuu wa maabara, mama mkali asiyependa maneno mengi, aliwasikiliza mpaka mwisho. "Una fuwele nyingine iliyokuzwa katika tanuru lilelile?"

"Ninayo."

"Sasa unangoja nini hapa?"

Kesho yake fuwele ile nzima ilipimwa. Nundu haikuwepo. Lakini sumaku ya nje ilipozimwa kabisa, umeme uliendelea kwenda pembeni, kidogo tu, sawasawa na hesabu zao zilivyotabiri. Wakapima tena na tena. Pindo lilikuwa pale pale.

Ijumaa baba aliwaeleza wageni habari ya nundu kwanza, bila kuficha kitu, ndipo akawaonyesha mstari mpya. Mgeni mmoja alijikuna kichwa. "Hata sisi tuna nundu kama hiyo," alisema. "Tukirudi, tutaitazama upya fuwele yetu."

Profesa Noack alimngojea baba mlangoni. "Mkataba wako utaendelea, Lohse. Wa kuleta nundu ni wengi. Wa kuifuta mwenyewe kabla hajaulizwa, sina mwingine."

Jumatano iliyofuata Wiebke alishuka kwenye tramu amebeba sinia kwa mikono miwili. Keki aliioka mwenyewe, na upande mmoja ulikuwa umevimba na kuungua.

"Hee! Keki ina nundu!" akasema Emre, huku akijikatia kipande kikubwa.

Baba akamvutia Wiebke kiti. "Sikiliza, mwanangu. Fuwele ikivunjika, tunakuza nyingine. Lakini kosa ukilifunika, wenzako watajenga juu yake, na siku likibomoka wataumia wao. Likitokea, lisemwe siku hiyohiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Vizuri." Baba akaweka fuwele mpya chini ya hadubini, akamkabidhi kibano. "Sasa nikufundishe kushika."