Kwa Bibi ni Mbali

Kemi anakaa Mwanza na Baba, Mama, na mdogo wake anayenyonya. Leo Kemi na Baba wanaenda Bukoba, kwa Bibi. Wanaenda kwa ndege.

Tumbo la Kemi linacheza. Kuru-kuru-kuru.

"Baba, kwa Bibi ni mbali?"

"Kwa ndege? Hata saa nzima haifiki."

Kemi hakuamini. Mwaka jana walienda kwa basi. Alilala, akaamka. Akala yai, akalala tena. Jua likazama, na bado wako njiani.

Mbali, mbali, kwa Bibi ni mbali.

Kwenye uwanja wa ndege, Baba akampigia Bibi simu. "Mama, ndiyo tunapanda."

"Haya," akasema Bibi. "Basi naanza kumenya ndizi."

Mama akawapungia mkono pale mlangoni, mtoto mgongoni. Kemi akageuka kumwangalia. Akageuka tena.

Vuuuuum. Ndege ikaruka. Chini ni ziwa tupu, maji kila upande.

Ndege ikatikisika. Kemi akakamata kidole cha Baba.

"Tunaanguka?"

"Tunapita kwenye wingu tu."

"Wingu lina mashimo?"

"Linayo. Kama barabara ya kwetu."

Kuru-kuru-kuru. Mbali, mbali, kwa Bibi ni mbali.

Kemi hajamaliza hata juisi yake, ndege ikashuka. Du. Watu wote wakasimama. Kemi hakusimama.

"Twende mwanangu, tumefika."

"Hapa siyo kwa Bibi," Kemi akasema. "Hatujalala njiani. Rubani kakosea."

"Kemi, watu wanasubiri tupite."

"Wakituacha hapa, Bibi atatupataje?"

Baba akambeba. Kemi akafumba macho, akayakaza kweli.

Nje akafungua jicho moja. Akatafuta huku, akatafuta kule. Bibi hayupo.

"Umeona?" Machozi yakaanza kumtoka.

"Bibi yuko nyumbani, anatupikia."

Wakapanda bodaboda. Prrr-prrr-prrr. Kemi katikati, Baba nyuma na begi.

Mbali, mbali, kwa Bibi ni mbali.

Bodaboda ikasimama kwenye nyumba yenye mlango wa bluu. Jikoni kuna mtu ameketi. Kisu mkononi, ndizi mapajani, maganda miguuni. Sufuria bado tupu.

Kisu kikamdondoka.

"Nyie," akasema Bibi. "Kwani mmeghairi safari?"

"Tumefika, Mama," akasema Baba.

"Acha utani wako. Kutoka Mwanza? Mbona ndizi zenyewe sijamaliza kumenya?"

Kemi akamwangalia. Kanga ile ile. Pengo lile lile. Harufu ya moshi ile ile. Ni Bibi kabisa.

"Ni kweli, Bibi," Kemi akasema. "Hata mimi nilikataa."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamvuta Kemi, akambana kifuani, ndizi zikiwa bado mapajani.

Ndizi zikapikwa. Toko-toko-toko. Wakala, wakashiba.

Usiku, Kemi amelala ubavuni kwa Bibi. Tumbo limejaa, lakini likaanza tena. Kuru-kuru-kuru.

"Bibi. Mama yuko mbali?"

Bibi akamvutia shuka.

"Jana ningekwambia mbali. Leo nimeona mwenyewe. Ni kumenya ndizi za sufuria moja tu. Na hata haziishi."

Kemi akafumba macho. Akaanza kumenya ndizi kichwani, aende kwa Mama.

Akamenya ya kwanza. Akamenya ya pili. Ya tatu akaishika tu.

Alikuwa ameshalala.