Ramani Iliyoishia Masha

Kila Jumanne na Ijumaa Léopold alipeleka dawa kwa baiskeli. Wagonjwa wake walikuwa wazee na watu wasioweza kutembea hadi kituo cha afya. Walikaa mbali mbali katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda. Nyumba hazikuwa na namba, na njia nyingi zilikuwa vijia vya kupita kati ya mihogo.

Kwenye usukani alifunga kompyuta ndogo ya GPS. Kifaa hicho hupokea ishara za setilaiti na kukuonyesha ulipo kwenye ramani. Anatole, aliyefanya kazi hiyo kabla yake, alikuwa ameweka alama penye nyumba ya kila mgonjwa. Kisha Anatole akahamia Kanada na familia yake. Léopold akabaki anafuata alama zile, na hakuandika hata moja kwenye daftari.

Siku moja ya mwezi wa tatu mwaka 2014 mvua ilinyesha mchana kutwa. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kilikuwa kimepasuka. Maji yakaingia, kifaa kikafa, na alama zote zikapotea. Wenzake katika kikundi cha wapeleka dawa wakamtuma mjini Mbarara akanunue kingine.

Dukani kwa Kamaldin, muuza baiskeli, kulikuwa na wateja wengi waliovaa vizuri. Léopold alitazama viatu vyake. Vilijaa tope.

"Ssebo, bwana, baiskeli yako natembea wapi?" Kamaldin akauliza.

Lilikuwa swali la maana kuliko yote, na Léopold aliliogopa. Mtu mmoja mjini hapo aliwahi kumwambia kwamba wakimbizi kama yeye huja kuombaomba tu. Neno lile lilikuwa bado linamchoma. Akajibu, "Hapa hapa mjini. Ninakaa Kakiika."

Hapo ndipo alipoharibu. Kamaldin akamchagulia kifaa cha mtu wa mjini, chembamba, chenye kioo cha rangi. Léopold akakijaribu hadi Nyamitanga na kurudi. Barabara zote zilionekana, hata mto Rwizi. Kamaldin akaeleza mambo mengi upesi upesi. Léopold akatikisa kichwa kukubali yote, hata asiyoyaelewa. Hakuuliza swali hata moja.

Wakati wa kurudi, ramani ilimfuata vizuri mpaka Masha, katikati ya safari. Baada ya hapo njia zikaanza kupungua. Alipofika Nakivale kioo kilikuwa cheupe. Kishale cha kumwonyesha yeye kilisimama peke yake, bila njia wala kijiji.

Nyumbani mkewe, Apolline, alimuuliza, "Papa Parfait, ile mashini mupya iko muzuri?"

"Iko muzuri sana," akasema, akageuka kutundika koti.

Jumanne, siku ya dawa, alizunguka akiuliza watu. Wagonjwa wengi aliwapata. Bibi Nyirabahire, mgonjwa wa presha, hakumpata. Alikuwa amefika kwake mara mbili tu, na mara zote mbili aliongozwa na alama. Ijumaa pia hakumpata. Akarudi na dawa mfukoni, na hakumwambia mtu. Aliona haya hata kula.

Jioni ile Apolline alichukua koti alifue. Akatoa pakiti.

"Hii dawa ni ya nani?"

Léopold akainama kufungua kamba za viatu.

"Papa Parfait, ni ya nani?"

"Ya ule bibi wa presha. Sikuona kwake."

"Na ile mashini?"

"Haina fasi yetu ndani, Nakivale haiko. Nilibadanganya mu duka, nikasema ninakaa Kakiika. Niliona haya, Mama Parfait."

Apolline hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema tu, "Wewe uliona haya, na yule bibi anakosa dawa. Kesho asubui tunaenda bote kumutafuta."

Walimpata saa nane mchana. Nyirabahire alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kinamuuma, kizunguzungu kimemshika. Apolline akamwita muuguzi, aliyekuja kumpima na kumpa dawa.

"Nilizani mumenifuta," bibi akamwambia Léopold.

Léopold alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu alirudi dukani. Wateja walikuwa wengi vilevile.

"Nilikudanganya, patron," akasema mbele yao. "Mimi ni mukimbizi. Ninatoka Nakivale, na baiskeli yangu inatembea kule."

Watu wakageuka. Uso ulimwaka.

"Sasa kwa nini wewe hapana sema?" Kamaldin akauliza. Hakucheka. "Mimi nauliza wapi juu ya hiyo. Hii ramani ya kampuni iko na barabara kubwa tu. Na hii kifaa hapana kubali ramani ingine."

Akakubali kumbadilishia. Akatoa kifaa kinene, si kizuri sana cha kutazama. "Hii nakubali. Kuna ramani ya bure, watu wa kujitolea iko nachora. Mimi naweka ndani sasa. Wewe tafuta Nakivale mwenyewe, hapana chukua kabla ya kuona."

Léopold akatafuta. Ziwa likaonekana, kisha njia, kisha kijiji chake. Safari hii aliuliza kila kitu. Betri inadumu saa ngapi? Chaji ya sola inafaa? Akakitoa juani aone kama kioo kinasomeka. Akakagua kifuniko cha mpira kwa kidole. Kamaldin akamfundisha kuweka alama hata mahali pasipo na njia, na akamwambia anakili kila alama kwenye daftari.

Jumanne akaenda moja kwa moja kwa Nyirabahire. Akasimamisha baiskeli mlangoni, akabonyeza kitufe, akaandika na namba za mahali pale kwenye daftari. Bibi alikuwa amekaa nje, ana nafuu. Akasogea kutazama kioo.

"Hii doa kidogo, ni nini?"

"Ni alama, bibi. Ni nyumba yenu. Hata mutu mwingine akifanya hii kazi, atafika."

Nyirabahire akainama zaidi. "Miaka kumi na minane niko hapa, sijaonaka ku karte, ku ramani, hata siku moja." Akacheka kwa furaha. "Na jina ya Nakivale iko? Andika Nakivale muzuri, kila mutu asome."

Léopold aliinamisha kichwa, akakumbuka alivyolificha jina hilo dukani. Kisha akaliandika kwenye alama, herufi moja moja, bibi akisimamia.