Milia ya Mwana wa Kagendo

Karwirwa alikuwa mjane. Aliishi karibu na soko la Ruiri. Kila asubuhi alimbebesha punda wake mitungi na kuteremka naye mtoni. Maji aliyochota aliyauza hotelini na kwa majirani. Punda huyo jike aliitwa Kagendo.

Kagendo alinunuliwa na Kiogora, mtoto wa pekee wa Karwirwa. Kiogora alimnunua kabla ya kwenda kufanya kazi Mombasa, bandarini.

"Mama, huyu atakusaidia mpaka nirudi," alisema.

Miaka ilipita. Kiogora alipiga simu kila Jumapili, lakini hakurudi. Simu ilipokatika, Karwirwa alibaki ameishika mkononi kwa muda, kana kwamba sauti bado imo ndani.

Mwaka mmoja kulikuwa na kiangazi kikali. Majani yalikauka. Karwirwa alimwachilia Kagendo atafute malisho. Kagendo akateremka mpaka nyanda za chini, ambako pundamilia hupata malisho. Alikaa huko wiki kadhaa, kisha akarudi mwenyewe. Baadaye tumbo lake lilianza kukua.

Karwirwa alifurahi sana.

"Uzae jike," alimwambia Kagendo akimpapasa shingo. "Na huyo jike azae. Kiogora akirudi akute kundi lake. Mtu mwenye mifugo nyumbani haendi mbali tena."

Kagendo alizaa asubuhi moja yenye ukungu. Alizaa jike. Karwirwa alipomkaribia, alishtuka. Masikio yalikuwa marefu kama ya mama yake. Lakini miguu yote ilikuwa na milia myeusi, na mgongoni palikuwa na mistari hafifu.

Jirani yake, Bundi, alikuja kuona. Bundi alikuwa na punda dume, na alijua punda vizuri.

"Uuui! Hii ni nini?" alisema. "Mama Kiogora, huyu si mnyama wa kawaida. Huyu ni laana. Mchinje mapema."

"Kosa lake ni nini?" Karwirwa aliuliza.

"Sijui. Lakini mimi sitakunywa maji yaliyobebwa na mama yake."

Habari zilienea. Mwenye hoteli akaanza kununua maji kwingine. Majirani nao wakaacha, mmoja mmoja. Karwirwa alikaa na mitungi yake iliyojaa. Alimtazama mwanapunda akinyonya. Moyo wake ulikataa kumchinja, lakini angeishije bila wateja?

Akaenda kwa daktari wa mifugo. Daktari alimsikiliza, kisha akampigia simu Kaari, mtaalamu wa wanyama kule chuoni Nchiru. Kaari alikuwa akichunguza pundamilia.

Kaari alikuja siku iliyofuata. Bundi na watu wengine walimfuata mpaka bomani kwa Karwirwa.

"Msiogope," alisema. "Nafikiri baba yake ni pundamilia. Lakini kufikiri hakutoshi. Lazima tupime."

Alimtoa mwanapunda damu kidogo. Akang'oa nywele chache pamoja na mizizi yake. Kisha akamtoa Kagendo damu pia.

"Damu itakwambia nini?" Bundi aliuliza.

"Ndani ya kila mwili kuna maagizo madogo sana. Tunayaita vinasaba. Mtoto hupata nusu kwa mama na nusu kwa baba. Tukivilinganisha, tunajua nani ni ndugu ya nani. Tunajua hata kama undugu ni wa karibu au wa mbali."

"Punda na pundamilia ni ndugu?"

"Ndugu wa mbali. Hebu tazameni kwato. Kila ukwato ni kidole kimoja tu, kwa punda na kwa pundamilia. Meno yao pia yanafanana. Kule Turkana watu huchimba mifupa ya kale, iliyogeuka mawe. Wamepata jamaa zao wa zamani waliokuwa na vidole vitatu. Zamani mno palikuwa na kundi moja. Likatawanyika. Wengine walikaa huku, wengine kule. Kila kizazi kilibadilika kidogo. Kidogo na kidogo, kwa muda mrefu, wakawa aina mbalimbali. Hata jina la pundamilia linasema: punda mwenye milia."

Mama mmoja aliinua mkono. "Na sisi kanisani tunaambiwa Mungu aliumba kila kitu."

"Mimi pia ninakwenda kanisani, mama," Kaari alijibu. "Nani aliyeumba, hilo siwezi kulipima kwa damu. Ninachopima ni jinsi wanyama walivyobadilika."

Baada ya wiki chache Kaari alirudi na majibu. Ilikuwa kweli. Baba alikuwa pundamilia.

"Ni chotara," aliwaambia watu. "Si laana wala ugonjwa. Maji ya Mama Kiogora ni salama."

Bundi alikuna kichwa. Karwirwa alicheka kwa furaha.

"Basi akikua atazaa," alisema. "Nitamwekea mwanangu kundi."

Kaari alimshika mwanapunda shingo.

"Hapana, mama. Vinasaba vimefungwa kwa mafungu. Mafungu ya punda na ya pundamilia hayalingani kwa idadi. Huyu atakuwa na nguvu za kazi. Lakini mafungu yake hayawezi kugawanyika sawasawa, kwa hiyo hatazaa."

Karwirwa aligeuka akatazama ukuta wa zizi. Alikuwa amelihesabu kundi hilo moyoni kwa muda mrefu.

"Kagendo bado anaweza," Kaari alisema polepole. "Akianza kutafuta dume, usimwachilie. Mfunge nyumbani, umpeleke kwa dume la punda."

Bundi alikohoa. "Dume langu lipo, Mama Kiogora. Mlete tu. Na kesho uniletee maji."

Karwirwa alifanya hivyo. Kagendo akazaa tena, jike la kijivu, punda kamili. Wateja walirudi. Yule wa kwanza walimwita Milia. Alikua haraka, akabeba mitungi bila kuchoka. Watoto wa shule walikuja kumwona, na Bundi ndiye aliyewaeleza habari za vinasaba.

Kiogora alipoambiwa na mama yake kwenye simu jinsi Milia anavyobeba mitungi, alicheka. "Mathe, hiyo lazima nijionee!"

Desemba alikuja kweli. Alimpanda Milia, akaanguka, akacheka tena. Alimshika yule wa kijivu masikio. Karwirwa alimpikia mukimo wa viazi na mahindi, akamtazama akila mpaka sahani ikawa tupu. Lakini Januari kazi ilimwita. Alifunga begi lake.

Karwirwa alimsindikiza stendi, akarudi peke yake. Alimkuta Milia amesimama penye ua, masikio juu, akitazama nyanda za chini. Mbali kule, kundi la pundamilia lilikuwa likila majani.

Hotelini walikuwa wakingoja maji. Karwirwa aliishika kamba ya Milia, lakini hakuivuta. Alisimama kando ya Milia.

"Tazama kwanza," alimwambia. "Kisha tutaenda mtoni."